Kalamu Inayogonga Meza

Zuwena mwanangu,

Assalamu alaykum. Nakuandikia ukuta mmoja tu ukiwa baina yetu. Nasikia zipu ya begi lako ikifunguliwa na kufungwa, na mama yako akikuuliza kwa mara nyingine kama umetia ile kanga. Isha tumeshasali, na gari ya Mkoani inapita alfajiri. Kuhusu tiketi, chakula cha njiani na nani akupokee ukishuka bandarini, mama yako amesema yote, na akiyarudia usiku huu mwache ayarudie. Mimi sina la kuongeza huko. Nina jambo jingine, na ningekuwa baba wa namna nyingine ningeinuka, nikakohoa mlangoni pako, nikakwambia. Unanijua. Naandika.

Siku ya pili baada ya kufika kwako ulikuwa umekaa juu ya mbuzi unakuna nazi, ukanipa simu yako. "Baba, soma. Haya ndiyo waliyoniandikia wanafunzi." Nikavaa miwani. Ilikuwa ile tathmini ambayo chuo kikuu huwataka wanafunzi waijaze mwisho wa muhula, bila majina, juu ya kila aliyewafundisha, na wewe ulikuwa ndio kwanza umemaliza mwaka wako wa mwanzo ukiwa mhadhiri msaidizi, ukiwaongoza vijana wa mwaka wa kwanza katika semina za takwimu. Nilisoma yote. Wachache walikusifu kidogo. Mmoja alisema unajua somo lakini huna habari nao. Mmoja alisema hajui kama unawachukia au unaumwa. Mmoja, na huyu nilimsoma mara mbili, aliandika: "Ukipatia hasemi kitu. Ukikosea anagonga meza kwa kalamu kama anafukuza kuku. Tunaogopa kwenda ubaoni." Na mwingine aliandika maneno mawili tu: "Arudi kwao."

Nikakurudishia simu nikakwambia kwamba mmoja wao hajui kuandika neno huruma. Hilo ndilo lililonitoka. Mwalimu mstaafu, mwanawe kaumizwa, naye anasahihisha imla. Ukaipokea simu kwa mgongo wa mkono kwa sababu vidole vilikuwa na tui, ukaendelea kukuna. Ulikuna mpaka ukagusa kifuu. Mchuzi wa siku ile ulikuwa na vumbi la kifuu na hakuna aliyesema kitu, hata kaka yako ambaye huwa hanyamazi juu ya chakula.

Usiku wake niliwasikia jikoni. Sikukusudia kusikiliza, lakini nyumba yetu unaijua. Ulimwambia mama yako, "N'takwenda kurejesha funguo za chumba cha semina, basi, nirudi. Kazi ya ofisi hapo Chake n'taipata." Mama yako akauliza utanambia lini. Ukasema, "Baba keshajua. Kasoma yote. Hakusema kitu."

Hakusema kitu. Nimelala na maneno hayo wiki nzima, na nimechoka nayo.

Zuwena, ile kalamu naijua. Ni kijiti changu. Unakumbuka ngazi za nyuma za ile nyumba yetu ya bara, wewe na kaka zako na wale watoto wawili wa jirani, kila mmoja na juzuu yake juu ya marfaa, vile vibao vya kuwekea msahafu. Ukisoma sawa nilinyamaza. Ukikosea niligonga mbao ya marfaa mara moja, nawe ukarudi mwanzo wa aya ukatafuta mwenyewe ulipoteleza. Sikuwahi kukwambia kosa ni lipi. Sikuwahi kukwambia umepatia. Kimya changu kilikuwa na maana moja tu, songa mbele, na nilidhani maana hiyo inajulikana kama inavyojulikana kwamba jogoo akiwika kunakucha.

Baba yangu alisomesha vivyo hivyo hapa Wingwi, kwenye baraza hii hii ambayo wewe uliitia saruji mpya, na baba yake kabla yake. Mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi wake na sikuwahi kusikia sifa kinywani mwake mpaka anaingia kaburini. Lakini sikupungukiwa, na nimechukua umri mrefu kuelewa kwa nini. Hapa kimya kile kilikuwa na wasaidizi. Mama yangu akipita na ndoo, akisikia mzee hagongi, alisema maashallah kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia. Tukitoka, Bi Asha wa nyumba ya pili aliuliza, "Kagonga mara ngapi leo?" Ukimwambia hakugonga, alikukatia kipande cha muhogo wa kuchoma. Na baba mwenyewe, siku ambayo hakugonga, alinichukua shambani akaniacha nitembee mbele yake. Siku nyingine zote nilitembea nyuma. Mtaa mzima ulikuwa ukisema lile ambalo yeye hakulisema, kwa hiyo yeye hakuhitaji kulisema.

Mimi nilikichukua kile kimya nikavuka nacho bahari, nikamwacha Bi Asha na muhogo wake huku. Nawe ukakipokea kwangu ukakipeleka kwenye chumba chenye feni, mbele ya vijana waliotoka mikoa ambayo wewe hujaifika. Kijana anakuja ubaoni, anakokotoa, anapatia. Wewe unanyamaza, ukiamini umempa ruhusa ya kuendelea. Yeye anaona mtu aliyemgeuzia uso. Anakosea, unagonga, na sasa amepata kitu kimoja tu kutoka kwako muhula mzima, nacho ni mgongo wa kalamu.

Nilipokwenda bara nilikuwa na umri kama wako huu. Nilikwenda kwa miaka miwili nikakaa karibu umri mzima. Mwanzo kazi ilinizuia, kisha hofu ikanizuia, kwa sababu kulikuwa na miaka ya misukosuko huku ambayo kila barua ya nyumbani ilimalizikia kwa "usije sasa". Skuli niliyopangiwa ilikuwa ya bweni, mbali na bahari kiasi kwamba chumvi ilikuwa ikichanganywa na unga wa mahindi dukani ili ionekane nyingi. Nilifundisha jiografia. Nilikuwa najua somo. Hilo nalo lilisemwa juu yangu, kama lilivyosemwa juu yako, na niligundua baadaye kwamba mwalimu husifiwa hivyo pale ambapo hakuna kingine cha kumsifia.

Mwalimu mkuu wa pale alikuwa na desturi yake. Mwisho wa muhula alituweka sote bwaloni, walimu mbele na wanafunzi kwenye mabenchi, na viranja wakasimama kusema yaliyo mioyoni mwa wenzao. Hakukuwa na kuficha jina. Kiranja mkuu wa mwaka ule alikuwa msichana mrefu aitwaye Bahati, ambaye sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. Aliongea juu ya maharage, juu ya vyandarua, kisha akanigeukia. "Mwalimu Faki tunamheshimu," alisema. "Lakini tukiwa darasani kwake tunajiona tuko peke yetu na makosa yetu."

Nilikaa pale nimekunja mikono. Wenzangu walitazama sakafu, wakinionea haya.

Na hapa ndipo nilipokosea, Zuwena, nawe upo hatua moja tu nyuma ya mahali hapo. Wale wanafunzi walikuwa pia wakiniigiza. Nikisema "mie", safu ya nyuma yote ilisema "mie" kwa lafudhi ya Pemba iliyopinda. Mmoja alikuwa akiuliza kwa unyenyekevu mkubwa kama kwetu kuna barabara au watu wanaogelea tu. Kwa hiyo nilipotoka bwaloni nilichukua neno la Bahati nikalitia fungu moja na maigizo yale. Dharau, nikajiambia. Hawampendi mtu wa visiwani, na leo wamepata ukumbi wa kusemea. Tusi lina faida hiyo. Ukilikasirikia, unapata sababu nzuri ya kutosikia kitu kingine chochote kilichosemwa siku ile.

Nimekuona wiki hii ukifanya vivyo hivyo. Katika yote uliyoandikiwa, unalolirudia ni "arudi kwao". Ulimsimulia mama yako, ukamsimulia shangazi, ukamsimulia yule rafiki yako wa Wambaa aliyekuja na samaki. Yule wa kalamu na kuku hukumtaja kwa mtu.

Kuhusu huyo wa "arudi kwao", sina dawa, nina habari tu. Wiki ile tuliyorudi hapa, samani bado ziko uani, nilikwenda dukani kununua misumari. Nikamsalimia kijana wa duka kwa Kiswahili changu hiki ambacho bara ilikuwa imeshakichezea. Akanipa chenji, akamwambia mwenzake bila kushusha sauti, "Wazee wa Bara hawa, sijui wanatafuta nini huku, si warudi kwao." Baba yangu kazikwa hatua chache kutoka duka lile. Nilichukua misumari yangu nikaenda zangu. Nimeambiwa nirudi kwetu na pande zote mbili za maji, mwanangu, na mpaka leo nasubiri mtu mmoja anielekeze ni wapi. Basi huyo mwache. Hakuandika juu ya semina zako.

Mimi baada ya bwalo lile sikumwacha wangu, yule wa maigizo. Nilimjibu kila siku. Niliongea kidogo kuliko kwanza, nikasahihisha kwa ukali kuliko kwanza, na kila mwanafunzi aliyefaulu nilimhesabu kuwa ushahidi wangu dhidi ya Bahati. Na walifaulu. Ndio ubaya wake. Nilikuwa na haki kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kunipitia nyumbani kunisalimia baada ya kumaliza skuli.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Mwalimu Neema, aliyefundisha hisabati. Hukumuona, alihamishwa kabla hujazaliwa, lakini mama yako bado anamtaja. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye neno moja ambalo lilikuwa likipenya ukuta wa darasa lake mpaka kwangu: "Enhe." Mtoto akisema jambo, enhe. Akiandika tarakimu moja, enhe, tarakimu ya pili, enhe. Niliona ni kubembeleza watoto wachanga, na nilimwambia. Alinitazama juu mpaka chini. "Mwalimu Faki, wewe ukifurahi unajulikanaje? Unatoa moshi?" Mama yako alicheka mpaka akaweka sufuria chini, na mimi nikanuna siku nzima.

Kisha Neema akaugua malaria, nikapewa kumshikia vipindi vyake. Siku ya kwanza nikaandika hesabu ubaoni, nikamwita msichana wa mbele. Jina lake limenitoka na hilo nalo linanisumbua. Alikuja, akaikokotoa vizuri, hatua kwa hatua, mwandiko safi, akapata jibu. Akaligeukia darasa, akanigeukia mimi. Mimi nilinyamaza. Kwangu ilikuwa imekwisha, amepatia, akae. Akasubiri kidogo. Kisha akachukua dasta akafuta mstari wa mwisho. Akaandika jibu jingine, sasa la makosa. Akanitazama. Nilikuwa sijaelewa bado anafanya nini. Sikuwa hata na kijiti mkononi cha kugonga, nilikuwa nimeduwaa tu, na kuduwaa kwangu kulifanana sawasawa na kimya changu. Akafuta tena, safari hii mistari miwili, halafu mitatu, akirudi nyuma akilitafuta kosa ambalo halikuwepo, mpaka akafika kwenye swali lenyewe, akasimama na dasta mkononi na ubao mtupu mbele yake. Vumbi la chaki lilikuwa kwenye nyusi zake.

Niliona jibu sahihi likifutwa mbele yangu na aliyelipata mwenyewe. Kengele ikalia. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba alipatia tangu mwanzo, na sikumwambia, kwa sababu ningelazimika kueleza kwa nini nilinyamaza.

Kesho yake nilisema "enhe". Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njiani. Ilinitoka kama mtu aliyepaliwa na tonge la ugali, na darasa zima likacheka, naye msichana yule akacheka. Nilirudia. Wakacheka kidogo kuliko mwanzo. Ilichukua muda mrefu kabla neno lile halijawa langu, na kusema kweli halikuwa langu kabisa hata siku moja. Nililivaa kama koti la kuazima, lakini lilizuia baridi. Miaka ya mwisho kabla ya kustaafu, wanafunzi wachache walikuwa wakija nyumbani. Unawakumbuka, ndio hao waliokuwa wakikuletea mapera.

Sikuandikii haya ili uone kwamba mambo hunyooka. Nusu yake tu ndiyo iliyonyooka. Watoto wa watu niliwaambia enhe asubuhi, kisha jioni nikakaa na wanangu kwenye ngazi za nyuma nikachukua kijiti. Sikuona mgongano. Skuli ilikuwa kazi, na huko nilikuwa nimejifunza. Kwenye ngazi nilikuwa mtoto wa baba yangu, nikiendesha madrasa ya Wingwi mahali ambapo Wingwi haikuwepo. Siku uliyohitimisha Kurani, ulisoma sura za mwisho bila kugongwa hata mara moja, ukafunga msahafu, ukakaa na magoti yako pamoja ukinitazama. Nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba. Ulimuuliza mama yako kama nimekasirika, aliniambia baadaye. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio nikijifanya natengeneza fito, kwa sababu macho yangu yalikuwa hayafai kuonwa na mtoto. Mama yako alikuja akaniona. Alisema, "Si ukamwambie." Nikasema atajua mwenyewe.

Ungejuaje? Bi Asha hakuwepo mlangoni.

Sasa hizo funguo. Sitakwambia uzirejeshe wala usizirejeshe. Nimeona walimu waliobaki wakaharibika, na nimeona walioondoka wakapona. Ukiona kazi yenyewe haikufai, kwamba ukisimama mbele ya vijana wale unatamani kuwa kwingine, basi zirejeshe, urudi, na hapa pana chumba chako. Lakini usizirejeshe kwa sababu ya kalamu. Kalamu siyo wewe. Uliipata kwenye ngazi za nyumba yetu, na mimi niliipata hapa, na inaweza kuwekwa mezani na kuachwa pale. Yule aliyeandika juu ya kuku hakukuchukia. Mtu anayekuchukia haangalii mkono wako kwa makini namna ile. Amekueleza kitu ambacho mimi nilihitaji ubao mzima ufutwe ndipo nikakiona, na amekueleza katika mwaka wako wa kwanza. Katika vijana hao wapo waliopatia wakafuta, na hawajui kwamba walipatia. Bado wapo pale. Muhula ujao watakuwa mwaka wa pili, korido ile ile.

Na usijitie uchangamfu usio wako. Nilijaribu hilo pia, muhula mmoja, nikawa nasimulia vichekesho. Sitaki kukumbuka.

Nimebaki na jambo la leo, nalo ndilo lililonikalisha kuandika. Baada ya magharibi mama yako alikwambia utusomee Yasini kwa ajili ya safari. Ulikaa pale ninapokaa mimi, taa ikiwa kushoto kwako. Nilifumba macho. Hukuteleza hata mahali pamoja, na zile aya ndefu za katikati, ambazo mimi mwenyewe siku hizi pumzi hainifikishi, ulizivuka kwa utulivu kama unatembea uani. Nyuma ya sauti yako nilimsikia mzee wangu, ambaye hukumuona. Ulipomaliza ukafunga msahafu ukanitazama. Ulinitazama kidogo tu, kisha ukashusha macho kama mtu mwenye desturi ya kushusha macho. Mama yako alinitazama pia. Nami, mwenye umri huu, mwenye kisa chote hiki kifuani, nikasema, "Hiyo taa inavuta mbu, izimeni."

Ulisoma vizuri, Zuwena. Ulisoma vizuri leo, na ulisoma vizuri siku ile uliyohitimisha, na jioni zote zile kwenye ngazi ambazo sikugonga. Zihesabu upya zote.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa mbele wa begi lako ukilala. Lakini kesho alfajiri, kabla gari haijapiga honi, nitasimama mlangoni nijaribu kuyasema haya kwa mdomo. Ikinitoka kama mtu aliyepaliwa, cheka, kama walivyocheka wale, kisha ndio upande garini.

Baba yako,
Faki